Mwanafunzi Amekuja Kutafuta Nini? Kupanga Somo la Programu za Kompyuta Katika Nyanda za Juu Kusini

Miaka kadhaa iliyopita, katika majira ya baridi, mwandishi wa makala haya alifungua darasa la jioni la kuandika programu za kompyuta katika chuo kimoja mjini Mbeya. Waliojiandikisha walikuwa watu wa kila namna: walimu wa sekondari, makarani, vijana waliomaliza Kidato cha Sita, na mama mmoja wa makamo aliyekuwa karani wa chama cha wakulima wa chai huko Rungwe. Nilikuwa nimerudi nchini na shahada ya uzamivu kutoka Ulaya, na mpango wa masomo nilikuwa nao tayari mkobani. Wiki ya kwanza ilikuwa ya namba zinazoandikwa kwa sifuri na moja peke yake. Wiki ya pili ilikuwa ya vigeu na aina zake. Wiki ya nne ilikuwa ya njia tatu za kupanga orodha ya namba kutoka ndogo hadi kubwa, na kulinganisha ni ipi yenye kasi zaidi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa mimi, na sikuona sababu ya kufundisha vinginevyo.

Kufikia wiki ya tano viti vingi vilikuwa vitupu. Nilijiambia kwamba watu wetu hawana uvumilivu wa kusoma. Ndipo siku moja nikakutana na yule mama katika soko la Mwanjelwa. Nilimwamkia, akaniitikia kwa upole, kisha akanieleza jambo ambalo sijalisahau. “Mwanangu,” alisema, “mimi nilikuja kutafuta namna ya kufunga hesabu za mwezi bila kukesha. Wewe ukanifundisha kupanga namba. Namba zangu zimekwisha kupangwa, zimo daftarini kwa majina ya wakulima. Shida yangu ni kuzijumlisha na kukata madeni.”

Ndugu msomaji, katika maneno hayo machache palikuwa na ukosoaji wa mpango mzima wa masomo yangu. Sikuwa nimewahi kumwuliza yeyote kati yao amekuja kutafuta nini.

Yafaa tukumbuke kwamba lugha za kuandikia programu zenyewe hazikushuka kutoka mbinguni. Kila mojawapo ilizaliwa kwa sababu ya watu fulani wenye haja fulani. Fortran, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, ilitungwa kwa ajili ya wahandisi na wanasayansi ambao kazi yao ni fomula. COBOL, iliyoanza kubuniwa mwaka 1959, ilitungwa kwa ajili ya ofisi, biashara na uhasibu, na kwa hiyo maagizo yake yalikusudiwa kusomeka kama sentensi. Mwaka 1964, katika Chuo cha Dartmouth huko Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz walitunga BASIC. Hao walikuwa wanahisabati, lakini hawakuwalenga wanahisabati wenzao. Walitaka mwanafunzi wa historia au wa lugha naye aweze kuiamuru mashine. Mwaka 1967 Seymour Papert na wenzake wakatunga Logo kwa ajili ya watoto, ambamo mtoto humwongoza kobe anayechora mistari. Huyo hujifunza jiometri kwa kutembea, si kwa kukariri. Na Python, ambayo sasa yafundishwa katika vyuo vingi, ilitolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum, Mholanzi aliyetaka lugha iliyo rahisi kusomwa na binadamu.

Basi ikiwa waliotunga lugha hizo walianza kwa kujiuliza nani atazitumia na kwa kazi gani, ni ajabu kwamba sisi tunaozifundisha huanza na sura ya kwanza ya kitabu.

Nchi yetu ina kumbukumbu yake katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye kazi ya hesabu za Serikali ilipohamishiwa kwenye mashine ilileta hasara, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa polepole baadaye. Wako wanaoicheka leo. Mimi siicheki sana, kwa maana mashine iliyonunuliwa kabla ya kujulikana vema kazi yake na watu wake ni mzigo, hata ikiwa ni mashine nzuri.

Lakini tunayo pia kumbukumbu nyingine iliyo bora, nayo haihusu kompyuta hata kidogo. Kati ya mwaka 1968 na 1972 uliendeshwa mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima katika mikoa inayozunguka Ziwa Viktoria, makao yake yakiwa Mwanza, kwa msaada wa UNESCO. Kisomo chenye manufaa, ndivyo kilivyoitwa. Waandishi wa vitabu vya mradi huo hawakuandika kitabu kimoja cha kusomea kwa watu wote. Mkulima wa pamba alipewa kitabu cha pamba, mkulima wa migomba alipewa kitabu cha ndizi, na mvuvi alipewa kitabu cha uvuvi. Herufi zilikuwa zile zile. A, e, i, o, u hazibadiliki kwa sababu ya zao. Kilichobadilika kilikuwa mlango wa kuingilia. Mwalimu wa kompyuta anayedhani kwamba kumfuata mwanafunzi katika kazi yake ni wazo jipya kutoka ng'ambo, hana budi kuvisoma vitabu hivyo.

Iringa nayo imetoa mchango wake, na huo unajulikana hata nje ya nchi. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, Chuo Kikuu cha Tumaini kilichokuwa Iringa, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Ufini katika kutafuta namna ya kufundisha kompyuta inayolingana na mazingira yetu. Mtafiti mmojawapo, Mikko Vesisenaho, aliandika tasnifu yake ya uzamivu, iliyotoka mwaka 2007, juu ya masomo ya mwanzo ya kompyuta katika vyuo vikuu vya Tanzania. Yeye na wenzake walieleza ngazi nne ambazo teknolojia hupitia: kuingizwa kutoka nje ikiwa tayari, kuhamishwa, kutumiwa, na hatimaye kuota mizizi katika mazingira ya wenyeji hata ikawa yao. Mipango mingi ya masomo niliyoiona, na wangu wa kwanza ukiwamo, ilikuwa ingali katika ngazi ya kwanza.

Mwaka huo huo wa 2007 chuo hicho cha Iringa kilianzisha shahada ya kwanza ya teknolojia ya habari. Miaka miwili baadaye Matti Tedre, Nicholas Bangu na Seth Nyagava walichapisha maelezo ya fikra zilizokuwa nyuma ya mpango huo. Hoja yao, kwa ufupi, ni kwamba mitaala ya kimataifa imeandikwa kwa nchi ambamo mhitimu huingia katika kampuni yenye wataalamu wengi, kila mmoja na sehemu yake, na umeme haukatiki. Mhitimu wetu aghalabu huwa ndiye mtaalamu pekee mahali pake pa kazi, hospitali ya wilaya kwa mfano. Ataulizwa juu ya programu, juu ya nyaya, juu ya vumbi lililoingia ndani ya mashine, na juu ya radi iliyopiga jana. Kumfundisha kama kwamba atakaa katika ghorofa ya tano ya kampuni ya ng'ambo ni kumfundisha mtu mwingine asiyekuwapo darasani.

Mbeya, kwa upande wake, ina wanafunzi wa mwelekeo wa ufundi. Chuo cha Ufundi Mbeya kilianza mwaka 1986, kikawa taasisi ya sayansi na teknolojia mwaka 2005, na tangu mwaka 2012 ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Kijana anayesomea umeme au ujenzi hapo anapojifunza programu, hataki kuwa mwandishi wa programu. Anataka kupima, kukadiria na kuendesha mitambo. Somo lile lile, malengo mengine.

Turudi sasa kwa yule mama, maana kwake ndiko nilikojifunza zaidi. Muhula uliofuata nilimwomba arudi, tena aje na daftari lake. Ndani yake kila mkulima alikuwa na mstari, na kila siku ya mwezi ilikuwa na kisanduku cha kilo za majani mabichi aliyoleta kituoni. Tulichukua mfano wa mkulima mmoja aliyeleta kilo 42, 38, 51 na 47. Jumla yake ni kilo 178. Kwa bei ya mfano ya shilingi 300 kwa kilo, malipo yake ni shilingi 53,400. Mkulima huyo alikuwa amekopa mbolea ya shilingi 60,000. Programu ya kwanza tuliyoandika ilitoa deni katika malipo, ikachapa jibu: shilingi 6,600 chini ya sifuri.

Kwa upande wa hisabati jibu hilo ni sahihi kabisa. Mama alilitazama akacheka. “Mkulima haendi nyumbani na deni badala ya mshahara,” alisema. “Kwetu hakatwi zaidi ya nusu ya malipo ya mwezi. Lililobaki linahamia mwezi ujao.” Kanuni hiyo haikuwa imeandikwa popote daftarini. Ilikuwa kichwani mwake. Tukaandika upya, kwa Kiswahili kwanza, kabla ya kugusa mashine:

KWA KILA mkulima katika daftari:
    malipo = jumla ya kilo × bei
    KAMA deni ni kubwa kuliko nusu ya malipo:
        makato = nusu ya malipo
    VINGINEVYO:
        makato = deni
    deni jipya = deni − makato
    fedha taslimu = malipo − makato

Sasa mkulima wetu anakatwa shilingi 26,700, anapokea shilingi 26,700, na deni lake linakuwa shilingi 33,300. Mwalimu atatambua kwamba katika mistari hii michache mna vigeu, mna mzunguko unaopita kwa kila mkulima, na mna sharti. Ni yale yale niliyoyafundisha muhula wa kwanza kwa majuma matano watu wakakimbia.

Yakazuka mengine. Baadhi ya visanduku vya daftari vilikuwa na sifuri, na vingine vilikuwa vitupu. Nilipendekeza tuvijaze vyote sifuri, jambo litakaloirahisishia mashine kazi. Mama akakataa. Sifuri, alisema, maana yake mkulima hakuleta majani siku hiyo. Kisanduku kitupu maana yake karani hakuandika, na huenda mkulima alileta, atakuja kudai. Kutofautisha thamani ya sifuri na thamani isiyojulikana ni jambo linalowasumbua hata wataalamu wa kanzidata, na huko ng'ambo nililisoma katika mwaka wa pili wa shahada. Huyu alilifika siku ya tatu kwa sababu alijua nini kitatokea dirishani pa malipo ikiwa programu itakosea.

Katika darasa hilo la pili alikuwamo pia mwalimu wa hisabati kutoka Iringa. Alipojiandikisha alisema anataka kurahisisha hesabu za alama za wanafunzi wake. Nilimwamini, nikamwonyesha lahajedwali, na ndani ya siku mbili haja hiyo ilikuwa imetimizwa bila programu yoyote. Hakuondoka. Polepole ikadhihirika kwamba nia yake hasa ilikuwa kwenda kulifundisha somo hili shuleni kwake. Hayo ni malengo tofauti kabisa. Anayetaka kutumia programu hufurahi inapofanya kazi, naye husonga mbele. Anayetaka kuifundisha hana budi kujua kwa nini haikufanya kazi, tena kwa njia zote ambazo mtoto wa Kidato cha Pili aweza kuiharibu. Kwa huyo nilianza kuleta programu zenye makosa niliyoyatia makusudi, akawa anayatafuta kama daktari anayetafuta ugonjwa.

Kijana mmoja aliyetaka kazi Dar es Salaam alichoshwa na habari za chai, na hakuficha. Nilimpa kazi ya kuijaribu programu ya mama kwa kila takwimu mbaya atakayoifikiria: kilo zilizo chini ya sifuri, jina lililoandikwa mara mbili, mkulima asiye na deni, bei iliyobadilika katikati ya mwezi. Aliivunja mara nne kwa siku moja, na akafurahi sana. Katika kampuni za programu kuna watu ambao hiyo ndiyo ajira yao.

Waalimu huniuliza jinsi ya kuyajua malengo ya mwanafunzi. Wengi wanadhani yatosha kugawa karatasi ya maswali siku ya kwanza. Nilijaribu hivyo, na majibu niliyoyapata yalikuwa ya adabu: “Nataka kuijua kompyuta,” au “Chochote utakachotufundisha, mwalimu.” Katika mila zetu mwanafunzi hamwelekezi mwalimu wake, na anayesema anataka kuijua kompyuta huenda ana maana kwamba anataka kazi, au anataka mwanawe asimcheke. Kwa hiyo niliacha kuuliza wanataka nini. Nikawaomba kila mmoja alete karatasi moja, kutoka nyumbani au kazini, yenye hesabu au orodha inayomchosha. Zililetwa karatasi za michango ya kwaya, vipimo vya mvua vya shule, msimamo wa ligi ya mpira, orodha ya mizigo ya basi, na daftari la madeni ya duka. Karatasi haina haya. Inasema haja ya mwenyewe waziwazi. Mwalimu wa sekondari aweza kufanya zoezi hili kwa kipindi kimoja, bila kompyuta hata moja.

Na hapa niseme neno kwa shule ambazo wanafunzi ni wengi na mashine ni chache, au umeme haupo siku ya kipindi. Sehemu kubwa ya kazi niliyoieleza hapo juu ilifanyika ubaoni. Wanafunzi waweza kusimama mstari mmoja, kila mmoja akiwa kigeu chenye thamani yake katika kipande cha karatasi, na mwenzao akasoma maagizo kwa sauti. Wakikosea, kosa litaonekana mbele ya darasa zima.

Kuhusu lugha, maneno ya amri ya lugha za programu ni ya Kiingereza na yatabaki hivyo kwa muda, lakini majina ya vigeu ni mali ya mwandishi. Hakuna mashine inayokataa kigeu kiitwacho makato. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, na ukathibitisha kwamba istilahi zapatikana watu wakikaa chini kuzitafuta. (Wako waliopendekeza tuseme tarakilishi, wengine ngamizi, wananchi wengi wameendelea kusema kompyuta.)

Sitaki msomaji afikiri kwamba kumfuata mwanafunzi hakuna hatari. Ipo, tena kubwa. Lengo analokuja nalo mwanafunzi limepimwa kwa kile alichokwisha kukiona. Karani akifundishwa hesabu za chai peke yake, tumemfunga katika chumba cha karani. Mkulima wa pamba hakuhitaji kusoma habari za pamba hadi kufa kwake. Alitaka pia kusoma gazeti na barua ya mwanawe. Kwa maoni yangu haja ya leo ya mwanafunzi ndiyo iamue mahali pa kuanzia, wala isiamue mahali pa kuishia. Baada ya wiki ya sita nilirudi kwenye kupanga orodha, somo lile lile lililoniletea aibu sokoni. Safari hii tulikuwa na wakulima waliojaza kurasa nyingi, na mama mwenyewe alitaka waorodheshwe kwa kilo, aliyeleta nyingi awe juu. Tulipima njia mbili kwa saa. Hakuna aliyeuliza faida yake ni nini.

Kuna pia wanafunzi wasio na lengo lolote la kutajika, na hao wasionewe. Binti mmoja wa Kidato cha Tano, aliyekuja likizo akiwa na dada yake, hakuleta karatasi yoyote. Alikaa kimya siku mbili, kisha akauliza: kompyuta hujuaje kwamba nimekosea, ikiwa haijui ninachotaka? Nilimjibu kwamba haijui. Hutambua kosa la sarufi tu. Kosa la maana huliacha lipite, kama ilivyochapa zile shilingi 6,600 chini ya sifuri bila kusita. Akaniuliza tena: basi nani hulitambua? Nikamwonyesha yule mama aliyekaa mbele yake.

Mwishoni mwa muhula programu ya chai ilikuwa ikifunga hesabu za mwezi kwa dakika chache, ingawa mama aliendelea kuzihakiki kwa kalamu kwa miezi miwili, nami nilimsifu kwa hilo. Siku ya mwisho alinijia na daftari lake akiwa na swali. Alitaka kujua kama mashine yaweza kumwambia ni wakulima gani waliokuwa wakileta majani kila wiki mwaka uliopita, na mwaka huu wameacha, ili chama kiende kuwatembelea. Hilo halikuwamo katika mpango wangu wa masomo. Ilinilazimu kumwomba asubiri hadi Jumanne ili nami nikajiandae.